Kapu Linalofuata Sanduku la Barafu

Siku waliponiaga kazini, chumba cha mapokezi cha labo kilijaa, na nataka kuwataja watu kwanza, maana asiyetajwa huwa kama hakuja. Alikuwepo Dokta Liberata, mkuu wetu. Mama yake, Melania, alikuwa akiuza dodo meza ya pili kutoka mlangoni pale soko la Gitega, nami nilikuwa mteja wake. Alikuwepo Salvatori wa Mutoyi, fundi wa labo aliyenifundisha kazi, yeye alistaafu kabla yangu, akaja na fimbo na koti lake la misa. Alikuwepo Spesi aliyerithi kiti cha Salvatori. Ni binti wa dada yake Salvatori, lakini kiti hakupewa kwa undugu, alikifanyia mtihani. Alikuwepo Yusufu dereva, mzaliwa wa Gashoho. Nyanya yake na mama yangu walinyonya ziwa moja, kwa hiyo huniita shangazi pale anapotaka kitu. Mwanangu Saidi na mkewe Amina walikaa karibu na mlango, wakiogopa hata kuegemea ukuta. Na kwenye benchi la dirishani walikaa Zaituni, mshonaji wa Muyinga, na mama yake Bi Mariamu. Hao wawili si ndugu zangu na hawakufanya kazi nasi. Ila wao ndio sababu ya maandishi haya.

Kwani Spesi aliniambia, "Nyanya, andika. Hawa wapya wananiuliza kwa nini kila glasiyeri ikitoka hapa inatoka na kapu pembeni. Mi nawajibu njo desturi ya labo, wao wanacheka."

Glasiyeri ni sanduku la barafu, lile la kusafirishia damu na vipande vya wagonjwa, na njo ni ndiyo, kwa kinywa cha huku. Basi naandika, ili wajue hilo kapu lilitoka wapi, na kukosekana kwake kulikaribia kumgharimu nini Zaituni. Shule yangu ni madrasa na madarasa machache ya msingi, koma nitaziweka pale ninapopumua. Vyeo sitavitaja, sikuwa navyo. Mshahara nao tuuache ulale, umechoka.

Niliingia labo kuosha vyombo. Nilikuwa nimeosha vyombo vya harusi na vya matanga mtaa mzima wa Waswahili, nikajua hapa sina la kujifunza. Siku ya kwanza walinipa chupa za kioo na mirija, nikazipiga sabuni ya kunukia, nikazisuuza, nikazipanga juani zinameta. Salvatori akaja, akachukua moja, akanisogezea puani.

"Mama Saidi, nusa."

"Inanukia vizuri," nikasema, kwa fahari.

"Njo ile shida."

Akanieleza kwamba katika chupa ile wataweka chembe za mwili zilizo hai, vitu vidogo kuliko vumbi la unga, na sabuni iliyobaki, hata ile ya harufu tu, inaziua. Kitu kinachonukia vizuri hakijasafishwa, alisema. Chombo safi hakina habari yoyote. Nikaanza upya: maji ya bomba, maji ya bomba, tena maji yaliyochemshwa yakageuzwa mvuke na kurudi maji, halafu kwenye otoklavu, ile sufuria kubwa ya chuma inayofunga mdomo kwa skrubu na kupika kwa mvuke. Jioni nilinusa chupa zangu zote. Hakukuwa na habari. Nilifurahi kama mtu aliyepewa mtoto ampe jina.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza. Nadhani niliwachosha. Niliuliza ile mashine inazungusha mirija ya damu kwa nini, Salvatori akanionyesha damu imejigawa kama maziwa yaliyolala: chini nyekundu, juu maji ya rangi ya majani makavu ya chai, na katikati utando mweupe mwembamba. "Ule utando njo askari wa mwili," akasema. Niliuliza vile vibao vya plastiki vyenye vishimo vingi ni vya nini, kwa sababu vilikuwa kama ubao wa kibuguzo, ule mchezo wa kokoto wanaocheza wazee. Akacheka. Akasema, "Sisi tunaucheza kwa matone. Kwenye kila kishimo tunaweka tone la mgonjwa, tunasubiri. Kishimo kikigeuka njano, kile tunachotafuta kiko mle. Kikikoza zaidi, iko nyingi." Niliketi pale nikitazama vishimo vikigeuka kimoja kimoja. Hadi leo, katika yote niliyoyaona pale, hilo ndilo ningependa kuliona tena.

Baadaye walinifundisha kuandaa nyama, yaani vile vipande vidogo vinavyokatwa kwa mgonjwa. Kipande kinalazwa kwenye formoli kisioze, kinanyweshwa nta iliyoyeyuka, kinakuwa kipande cha nta chenye nyama katikati kama njugu ndani ya sukari guru. Halafu Salvatori anakikata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba hata ukipumua vinapaa. Alinikataza kupiga chafya chumba kile. Kipande kinaelea juu ya maji ya vuguvugu kama malai ya maziwa, unakichota kwa kioo, kinajilaza. Kisha kinatiwa rangi.

Na kwenye kila kioo, pembeni ya nyama ya mgonjwa, Salvatori alikuwa akiweka kipande kingine, cha mtu mwingine kabisa.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ya koo la mtu. Ile tezi inayovimba ukiwa na mafindofindo. Alitolewa zamani, akaturuhusu tuitumie."

"Na imefuata nini kwa mgonjwa wa watu?"

"Huyo ni shahidi," akasema Salvatori. "Ile alama tunayoitafuta, tezi ya koo inayo siku zote, tunaijua. Tukitia rangi, na kwa shahidi rangi isitokee, basi rangi yetu imekufa, au mimi nimekosea. Hapo hata mgonjwa aonekane hana alama, hatuna ruhusa ya kusema hana. Bila shahidi hakuna hukumu. Si njo vile abashingantahe wanafanya kwenu?"

Abashingantahe ni wazee wa kuamua kesi za kilimani. Nikamwambia kwetu abashingantahe wanaanza kwa kutaka kitu cha kunywa. Akasema hapa labo hakinywewi kitu, njo maana tunaamua haraka.

Sasa nieleze hiyo alama, kisha tufike Muyinga.

Kwa miaka mingi labo yetu ilikuwa ya malaria na minyoo na mkojo wa sukari. Dokta Liberata aliporudi kutoka masomoni alileta kazi hii ya kutafuta alama kwenye uvimbe wa saratani, ili kujua ni nani atafaa kupewa dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili. Mimi sikuelewa, Salvatori akanielezea kwa baiskeli. Akasema, unawajua wale vijana wanaoteremka mlima na mikungu ya ndizi nyuma? Askari wa mwili wako hivyo. Wana mbio, na wana breki, na ni vizuri wawe na breki, bila hiyo wangegonga hata wenyeji. Sasa uvimbe mbaya umejifunza ujanja: unanyoosha mkono, unabana breki ya askari. Askari amefika, amesimama, anautazama uvimbe kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Dawa mpya haipigi uvimbe. Inatoa ule mkono kwenye breki, basi.

"Na kama uvimbe hauna mkono?"

"Basi mara nyingi dawa imekuja bure. Njo maana tunatazama kwanza."

"Na huo mkono, uvimbe ulijifunza wapi?"

Salvatori alivua miwani. "We Mama Saidi, hilo ukilijibu watakujengea sanamu mbele ya ministeri ya afya."

Zaituni aliingia kwetu kwanza kama jina tu, kwenye simu kutoka hospitali ya Muyinga. Mshonaji, mama wa watoto wadogo, ana doa jeusi kwenye unyayo wa mguu wa kulia. Mguu huo ndio anaokanyagia cherehani, kwa hiyo kila mtu, yeye wa kwanza, alisema ni pedali. Akapakwa hiki, akapakwa kile. Mwishowe daktari alilikata, ikaonekana ni saratani ya ngozi, ile inayopenda nyayo za watu weusi. Na kinenani tezi zilikuwa zimeshavimba.

Wakati huo kulikuwa na utafiti wa nchi kadhaa, dawa ya breki ingeletwa hospitali ya Gitega kwa wagonjwa wachache. Masharti yalikuwa mawili: kipande kibichi cha uvimbe kifike labo chembe zake zikiwa hai, na alama ionekane kwenye kioo. Mlango wa kuingia ulikuwa karibu kufungwa. Dokta Liberata alituambia wazi: kwa Zaituni, nje ya utafiti huu, dawa hii hapa kwetu haipo.

Yusufu akaenda Muyinga na glasiyeri. Wakati ule mafuta ya gari yalikuwa ya kutafutwa kama mke, kila safari ilipangwa kwa dua. Daktari wa Muyinga alikata tezi moja, akaiweka kwenye kichupa chenye maji ya pinki, yale ya kulisha chembe, akafunga glasiyeri na vitofali vyake vya barafu. Yusufu alirudi Gitega mchana, amechangamka.

"Shangazi, leo liko zito! Njo mjue nimebeba vizuri."

Salvatori alifungua kifuniko. Harufu ya iliki na mdalasini ikajaa chumba. Ndani kulikuwa na sufuria ya pilau, imefungwa kwa kitambaa cha maua, ya moto bado. Maparachichi yamepangwa pembeni. Na katikati yao kichupa, kimelazwa taratibu kama kitoto. Barafu hakuna.

Salvatori alikiinua kichupa kwenye mwanga. Yale maji ya pinki yalikuwa ya njano.

"Zimekufa," akasema. Hakupaza sauti. "Yakiwa njano hivi, zimekufa."

Yusufu alikaa chini. "Mi nilikunywa chai kwa mama yake tu! Aliniambia, 'Acha glasiyeri hapa kivulini, mwanangu, upumzike.' Nitafanyaje, nikatae? Mama wa watu!"

Kitu chochote kilichosafiri na nyama ya mgonjwa hakiliwi, hiyo ni sheria. Ilibidi pilau iende kwenye tanuru la kuchomea taka. Salvatori aliichoma mwenyewe, moshi ukapita mtaani unanukia iliki, na mlinzi wa jirani akaja kuuliza tunamwoza nani.

Dokta Liberata akaniita. "Mama Saidi, wewe ni wa Muyinga. Daktari wa kule amewapigia, wamesema hawataki kukatwa tena. Kuna tezi nyingine, inawezekana. Lakini mimi nikienda na koti jeupe, watasema ndiyo kwa heshima na kesho hawatafika. Twende wote, au uende?"

"Niende na Yusufu," nikasema. "Lakini nikikwama nitakupigia simu."

Tulipita Karuzi, tukasimama Gashoho Yusufu amsalimu mama yake, akatoka na mkungu wa ndizi ambao hakuuomba. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa shida yetu ilikuwa kubwa kuliko Bi Mariamu. Sisi watu wa huku chombo hakitoki mlangoni kitupu. Ukiletewa unga kwa bakuli, bakuli linarudi na maharage. Ukituma mtu na kapu, kapu lina kitu. Na sisi labo tulikuwa tukituma sanduku zuri, la bluu, lenye mkanda, tukitegemea lirudi vile vile.

Bi Mariamu alitupokea uani. Amelelewa Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi.

"Asalaam alaykum, Mama Saidi. Karibuni, karibuni. Na ile pilau, mlikula?"

Yusufu akatazama viatu vyake.

"Hatukula, dada yangu," nikasema.

"Hamkula? Nyama ni halali, amechinja mwalimu wa msikitini, unaweza kumwuliza."

"Najua. Ilikaa pamoja na kipande cha Zaituni, na sheria yetu inakataza. Ilichomwa."

Sijawahi kusema neno gumu hivyo uani kwa mtu. Mwanamke ameamka alfajiri, amechambua mchele, amechinjisha, na wewe unamwambia imechomwa. Ndani ya nyumba cherehani ilikuwa ikilia, ikasimama.

"Dada," nikaendelea, "na vile vitofali vya bluu vilivyokuwa ndani ya sanduku?"

Uso wake ukafunguka. "Ninavyo! Nimevihifadhi." Akaingia ndani, akarudi navyo vimefungwa kwenye kanga mpya. "Niliona sanduku limekuja kwetu na vitu ndani. Nikamwambia Zaituni, tazama, watu wa labo wana adabu, hawakuleta chombo kitupu. Sikujua kazi yake, lakini zawadi haiulizwi kazi. Nami ningewarudishia sanduku bila kitu? Ningekuwa mtu gani?"

Yaani barafu yetu alidhani ni zawadi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka pahali pa heshima, akatujibu kwa pilau. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikufanya hata kimoja. Nikamweleza taratibu: hiyo ni barafu iliyofungiwa, kazi yake ni kuweka kipande baridi kisife. Kipande kimefika kimekufa.

Bi Mariamu aliketi juu ya mkeka. "Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe," nikasema. "Ni sisi hatukusema. Tulituma chombo kama watu wasio na kwao."

Hapo Zaituni akatoka. Mwanamke mrefu, mkanda wa kupimia shingoni, anachechemea. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo mmekuja kunikata tena."

"Tumekuja kukuomba."

"Mguu umekatwa. Kinena kimekatwa. Mimi hata kitambaa cha mtu nakipima kwanza kabla sijakikata, na nikikosea nakilipa. Nyinyi mnakata, mnaondoka nacho Gitega, mnakiangalia. Mimi sijawahi kuona hata kimoja. Kiko vipi? Kina rangi gani? Nani ananiambia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu, kwa hasira, kwa dua. Sikujiandaa kwa mtu anayeuliza maswali yangu mwenyewe.

"Unataka kukiona?" nikamwuliza.

"Ninataka kukiona."

"Hilo sina ruhusa ya kuahidi. Ngoja." Nikampigia Dokta Liberata palepale uani, simu kwenye sauti kubwa, Bi Mariamu akisikiliza na kanga yake ya barafu mapajani. Dokta hakusita. "Aje," akasema. "Kipande ni chake. Nitamwonyesha mimi mwenyewe, hata kama habari ni mbaya."

Zaituni aliukunja mkanda wake wa kupimia. Kisha akasema, "Basi nikateni. Lakini mama yangu asifedheheshwe. Mtu asimwambie kwamba alikosea."

"Hakuna atakayesema."

Bi Mariamu akafuta macho, akageuka mama tena. "Na sanduku lirudi tupu? Hilo siwezi, Mama Saidi. Nitakufa."

"Dada, sanduku halirudi tupu. Linarudi na kipande cha mwanao. Kuna zawadi gani kubwa kuliko hiyo mtu anaweza kutia kwenye chombo?"

Alifikiri. Yusufu akafikiri naye. "Sawa," akasema Bi Mariamu, "hiyo ni ya Zaituni. Ya kwangu iko wapi? Leteni vyombo viwili. Sanduku lenu na barafu yake, sitaligusa. Na kapu. Kapu ni langu."

Tangu siku hiyo, kapu linafuata sanduku. Wapya, mmesikia.

Kipande cha pili kilifika Gitega kimezungukwa na vitofali, maji yake ya pinki kama shavu la mtoto. Pembeni, kwenye kapu, mandazi na njugu, na hizo tulikula. Salvatori alikigawa: nusu kwenda kwenye chembe hai, nusu formoli na nta. Spesi, aliyekuwa amefika karibuni, ndiye aliyekitia rangi. Tulisubiri wote nje ya chumba kama watu wa uzazi.

Spesi akatoka amekunja uso. "Mjomba, njoo utazame. Mi sioni kitu."

Shahidi alikuwa amesema kweli: tezi ya koo imewaka rangi ya kahawia pale pale inapotakiwa. Lakini nyama ya Zaituni yote ilikuwa kahawia. Walinipa nami nitazame. Ilikuwa kama kutafuta mbuni zilizokaangwa zilizomwagika kwenye udongo. Saratani ya namna hii hubeba weusi wa ngozi ndani yake, na weusi huo ukiwa mwembamba unaonekana kahawia, na rangi yetu ya kutafutia alama nayo ni kahawia. Alama ipo? Haipo? Nani aseme? Picha zilitumwa kwa wakubwa wa utafiti, jibu likarudi: haisomeki, na siku zinakwisha.

Mimi niliuliza lile swali la mtu wa sokoni. "Hakuna rangi nyingine?"

"Iko," akasema Salvatori. "Iko nyekundu. Sisi hatuna, haikuwahi kuhitajika."

Dokta Liberata alishapiga simu tayari. Rafiki yake wa masomo anafanya kazi labo moja Bujumbura, alikuwa na kichupa kilichobaki. Yusufu akashuka Bujumbura na glasiyeri, na kwa mazoea akabeba na kapu. Alirudi na rangi nyekundu ndani ya barafu, na kapu limejaa ndagala wakavu. Labo nzima ilinuka ziwa, lakini hakuna aliyelalamika.

Siku ya kusoma kioo kipya, Zaituni alikuwepo, na mama yake. Dokta Liberata alitimiza neno. Alimketisha mbele ya mikroskopu, akamwonyesha kwanza kile kioo cha kahawia.

"Hiki ndicho changu?"

"Ndicho."

"Kichafu," akasema Zaituni.

"Kimetuchanganya hata sisi. Sasa tazama hiki." Dokta akabadilisha. "Anza huku pembeni. Huyu si wewe, huyu ni shahidi. Uone nyekundu inavyokaa."

Zaituni alitazama muda mrefu, mkono wake ukitembea mezani kama anayetafuta pini. Halafu Dokta akasogeza kioo, polepole, kutoka kwa shahidi kwenda kwake. Mimi sikuwa natazama kioo, nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa amezuia pumzi. Namjua mtu anayezuia pumzi chumba kile, nilifundishwa.

"Zimepindwa," akasema.

"Nini?"

"Hizi duara. Kila moja imepindwa kwa uzi mwekundu, pembeni yote. Si zote. Hizi hapa zimepindwa, zile kule hazijapindwa. Aliyeshona ana haraka lakini anajua."

Dokta Liberata aliinama akatazama. Salvatori akatazama, Spesi akatazama. Wakaangaliana. Ule uzi mwekundu ndio mkono ulioshika breki.

"Iko," akasema Dokta. "Alama iko."

Bi Mariamu aliuliza kama hiyo ni habari njema au mbaya, na kusema kweli hata mimi nilikuwa sijui tucheke au tulie, maana tulikuwa tunafurahia ujanja wa adui. Dokta akamjibu: "Ni habari kwamba dawa ina cha kufanya."

Zaituni akaingia kwenye utafiti mlango ukikaribia kufungwa. Alikuwa akija Gitega kuwekewa dawa mshipani, analala kwangu, tunazungumza mpaka Saidi anatuambia tulale. Aliumwa tumbo, ngozi ikamwasha, maana askari walioachiwa breki wanagonga na wenyeji kidogo, Salvatori hakukosea. Kisha tezi za kinena zikaanza kulainika, na picha zikaonyesha zinanywea. Sasa anakanyagia cherehani mguu wa kushoto, anasema mshono umebadilika kidogo, ni yeye tu anayeuona. Dokta Liberata hatumii neno kupona. Anasema, "Tunatazama." Mimi nalipenda neno hilo.

Lakini msiandike kwamba dawa inatibu wote. Alikuwepo Fabiani, mkulima wa Gashoho, mume wa Konsolata. Naye alama yake ilikuwepo, nyekundu, imepindwa vizuri kuliko ya Zaituni. Dawa aliyopewa ni ile ile. Tulimzika kabla ya mavuno. Konsolata bado anatia maharage kwenye kapu Yusufu akipita. Kwa nini Zaituni, kwa nini si Fabiani? Niliwauliza wote, Salvatori, Spesi, Dokta. Walisema hapo ndipo kazi yote ilipo sasa, kwenye vipande hivi viwili, cha Zaituni na cha Fabiani, vimelala kwenye konjelateri moja, lile kabati la kugandishia, vikisubiri mtu aulize vizuri zaidi. Basi ulizeni. Mimi nimewaachia vyombo safi.

Gauni nililovaa siku ya kuagwa alilishona Zaituni, pindo lake jekundu. Spesi alilitambua kabla sijasema, akaniziba mdomo kwa kunikumbatia.

Hayo ndiyo ninayokumbuka. Ila ninyi mnajua kwenye kila kioo tunaweka shahidi, na maandishi haya nimeyaandika peke yangu, bila kipande cha mtu mwingine pembeni. Kwa hiyo waliokuwepo nawaomba wawe tezi yangu ya koo. Salvatori, kama siku ile ya sabuni hukusema hivyo, niambie. Yusufu, kama hukukaa chini bali uliegemea mlango, niambie. Bi Mariamu, kama kitambaa cha pilau hakikuwa cha maua, nisahihishe, dada yangu, nitakubali. Mtumeni Yusufu na masahihisho, yaje ndani ya kapu. Sanduku liacheni na barafu yake.